Ruzuku ya Vyama na Madaraja Yaliyokatika

Imekuwa ada nchini Kenya, kila bajeti inapokaribia, kusikia vyama vya siasa vikinung'unika kwamba havijalipwa haki yao. Haki hiyo ipo kisheria. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 yaitaka serikali kuu kutenga si chini ya asilimia 0.3 ya mapato yake kwa ajili ya Mfuko wa Vyama, na yaruhusu fedha hizo kugharimia hata uchaguzi. Sehemu kubwa hugawanywa kwa kadiri ya kura zilizopatikana, basi aliyeshiba ndiye huongezewa.

Nasi twauliza: Novemba 2023, mafuriko yalipoliharibu daraja la Mbogolo huko Kilifi na safari za Mombasa na Malindi zikakatika, ni nani aliyekuwa akidai haki iliyocheleweshwa zaidi? Aprili 2024 maji ya mto Tana yaliifunika njia ya kuingia Garissa. Watu wakalazimika kupanda mashua pale Madogo, mashua ikapinduka, na roho zikapotea. Hawakuipanda kwa kupenda.

Tutajibiwa kuwa barabara zina fungu lake, nalo ni tozo ya mafuta, iliyopandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Ni kweli. Ila mwaka 2025 shilingi 7 katika hizo ziliwekwa rehani ili walipwe wakandarasi waliokuwa wakidai malimbikizo. Yaani anayejaza mafuta leo analipia barabara ya jana.

Hujja nzito zaidi ni kwamba chama kisichopata fedha za umma kitanunuliwa na tajiri. Hatuipuuzi hujja hii, na ndiyo sababu hatusemi Mfuko ufutwe. Tunasema katika miaka isiyo na uchaguzi mkuu, nusu yake ipelekwe katika makalavati na madaraja madogo ya vijijini, yale ambayo kuvunjika kwake hakuandikwi gazetini ilhali humzuia mjamzito kufika zahanati. Haitatosha kwa barabara kuu, nasi hatudai hivyo.

Ugumu ni kwamba sheria hiyo itapigiwa kura na wabunge, nao ndio wenye vyama. Basi wanapokuja kuomba kura, waulizwe suala hili mbele ya watu, na jibu lao liandikwe.