Soko la Noeli la Lincoln
Katika Lincoln, mji wa kale wa Uingereza, palikuwa na soko la Noeli karibu na kanisa kuu na ngome. Lilianza mwaka 1982 na vibanda 11 tu, kwa mfano wa masoko ya Ujerumani. Watu wakaongezeka: mwaka 2022, kwa siku nne, walizidi 300,000, wakisongamana katika njia nyembamba za kilimani. Mwaka 2023 baraza la mji likalikomesha, lisije likaumiza watu. Wengi walisikitika, kwani wachuuzi walipata faida kubwa. Lakini faida iliyopotea hutafutwa tena, uhai hautafutwi. Nasi basi, penye sikukuu, tuwaangalie kwanza watoto na wazee.