Tabora isiuze milango, iuze ufundi

Mwenye nyumba ya zamani mjini Tabora anapopata fedha za ukarabati, kwa kawaida huanza kwa kung'oa. Milango ya mninga hutoka na madirisha ya mbao hutoka, mahali pake pakaingia alumini, vioo vya rangi, dari ya jipsamu na vigae vinavyong'aa. Nyumba mpya za Cheyo na za kata jirani ndizo zinazoigwa. Akitokea mnunuzi kutoka mbali akatoa fedha taslimu kwa mlango uliolazwa uani, mwenye nyumba huhesabu kwamba amefaidi mara mbili.

Kibiashara amekula hasara. Mlango huo ndio uliokuwa bidhaa.

Wenye hoteli wa Zanzibar walilitambua hilo mapema. Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, nyumba za wafanyabiashara wa karne ya 19 zimegeuzwa nyumba za wageni. Mgeni hulipia kuta nene, mlango wa nakshi na kitanda cha samadari, lakini pia hutaka maji ya moto, umeme wa uhakika na godoro jipya. Mwaka 2015 hoteli ya Park Hyatt ilifunguliwa katika jengo la kale la Mambo Msiige. Kampuni yenye uwezo wa kujenga ghorofa jipya popote iliona kwamba la kale linalipa. Mradi huo haukukosa ubishi, kwani UNESCO ililalamikia jengo jipya lililoongezwa ubavuni. Kuchanganya la zamani na la kisasa kuna mipaka yake.

Tabora haina bahari, ila jina inalo. Ndiyo Kazeh ya zamani, kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, leo ni makumbusho, na milango yake ya nakshi inaonyesha jinsi mtindo wa pwani ulivyofika bara pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Biashara ile ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, na mwenye hoteli anayeificha historia hiyo nyuma ya mapambo atakuwa anamdanganya mgeni wake.

Mali ghafi nayo ipo mlangoni. Mninga wa misitu ya miombo hausumbuliwi sana na mchwa na haupindi ovyo ukikaushwa vizuri. Nta ya nyuki, ambayo Tabora inajulikana kwayo, ni dawa nzuri ya kung'arishia mbao. Pamoja na hayo, mbao hupakiwa kwenda miji mingine, kisha mwenye duka wa Tabora huagiza makochi ya mbao za kubandika yasiyostahimili kuhamishwa mara mbili.

Ichukuliwe hesabu ya mfano. Nyumba ya wageni yenye vyumba 8, vikijaa nusu ya mwaka, huuza siku 1,460 za chumba. Sura ya nyumba ikimwezesha mwenyewe kuongeza Sh 15,000 tu kwa kila chumba, ataingiza Sh 21,900,000 zaidi kwa mwaka. Hakuna mlango mkuukuu utakaoletewa bei ya namna hiyo kila mwaka.

Kuna na suala la sheria, ambalo madalali hawapendi kulitaja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki. Kuisafirisha nje ya nchi bila leseni ni kosa. Mlango mpya, uliochongwa na seremala wa leo, hauna kikwazo hicho, na anayeuagiza anaweza kuagiza mingine kumi. Hapo ndipo mtaji mdogo unapofaa kuelekezwa: karakana, patasi nzuri, vijana wa kujifunza nakshi, na banda la kukaushia mbao.

Anayeingia katika biashara hii aanze na mbao zenye kibali na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, maana shehena isiyo na karatasi inaweza kukamatwa njiani na mtaji wote ukapotea. Akague rangi pia: sehemu nyeupe ya pembeni ya mninga huliwa na wadudu, na wauzaji wajanja huichanganya na kiini. Mbao zipangwe kivulini, vijiti katikati ya kila safu, zisubiriwe hadi zikauke kweli. Mteja wa hoteli ataweka kiyoyozi chumbani, na mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi utafunguka viungo kabla hajamaliza kulipa.