Utumbo wa Kuku Hueleza Maradhi Yake

Mama achinjapo kuku nyumbani, iwe Jinja au Mbale, mara nyingi matumbo hutupwa bila kutazamwa. Kumbe humo huonekana chakula alichoumbiwa ndege huyo, na pengine chanzo cha vifo vya wenziwe bandani.

Katika ndege, utumbo mwembamba huanzia penye firigisi. Sehemu yake ya kwanza hujikunja kama kitanzi na kulikumbatia kongosho. Ukuta wake una tabaka: nje ngozi nyembamba, kati misuli isukumayo chakula, na ndani utando wenye vinyuzi vingi, laini mithili ya mahameli, vinavyofyonza lishe na kuipeleka katika damu.

Tofauti huonekana mwishoni mwa utumbo huo. Kuku na kanga wana vifuko viwili virefu, ambamo mabaki ya majani na nafaka huchachuka. Vya njiwa ni vidogo mno. Mdiria, anayevua samaki katika mto Nile pale Jinja, hana kabisa, kwa kuwa samaki hahitaji kuchachushwa.

Vifuko hivyo na ule utando laini ndivyo vishambuliwavyo na vimelea vya ugonjwa wa koksidia, yaani kuhara damu. Vinyuzi vikiharibika, kuku hula lakini chakula hakimfai. Hujikunyata, hushusha mbawa na kukonda. Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 huathirika zaidi.

Kuku akifa, na apasuliwe mbali na banda. Utumbo mzima una rangi ya waridi iliyofifia. Ukiwa umevimba na una madoa meupe au mekundu, au vifuko vimejaa damu, afisa wa mifugo aitwe upesi, kwani dawa huwafaa wale wanaowahiwa.

Mayai ya vimelea hivyo hutoka na kinyesi, nayo hukomaa kwa muda wa siku 2 hivi penye unyevu na joto. Dawa nyingi za kusafishia sakafu haziyaui. Kwa hiyo huko Mbale, chini ya Mlima Elgon wenye mvua nyingi, ulinzi mkubwa ni ukavu: paa lisilovuja, makapi ya mpunga yanayobadilishwa yalowapo, na chombo cha maji kilichoinuliwa ili kisichafuliwe. Vifaranga nao walelewe mbali na kuku wakubwa.