Mazoezi ya mtoto yaletwe Kiembeni

Mama wa Kiembeni, Mombasa, mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa huijua bei ya kliniki kabla hajafika kwa daktari. Mtoto wa miaka mitatu ni mzito mgongoni. Kwenye matatu miguu iliyokakamaa haikunjiki, na makanga anataka alipie viti viwili. Gari lipite Bombolulu na Kongowea, livuke daraja la Nyali ndipo aione hospitali ya Coast General. Akielekezwa hospitali ya Port Reitz, itambidi aunganishe gari jingine hadi Changamwe.

Wiki ijayo, arudi tena.

Akikosa miadi miwili mitatu, majirani husema amekata tamaa. Wengine huja na habari za majini na mganga. Watafiti wa Kilifi wakiongozwa na Joseph Gona waliandika mwaka 2011 jinsi wazazi wa watoto wenye ulemavu wanavyobeba huzuni na maneno ya watu kwa pamoja. Mtindio wa ubongo hauna jini: mara nyingi ubongo hudhurika mtoto akiwa bado tumboni, au akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa manjano kali isiyotibiwa mapema.

Tiba yenyewe, kwa sehemu kubwa, iko mikononi mwa mzazi. Leso hukunjwa ikawekwa chini ya kifua, mtoto alale kifudifudi ajifunze kuinua shingo. Kona ya ukuta na mito miwili hugeuka kiti. Uji hulishwa akiwa wima, maana akilazwa chali unaweza kuingia mapafuni. Kifundo cha mguu hunyooshwa taratibu, kila siku, mtoto akilia na mama akimwimbia. Kazi ya mtaalamu wa viungo ni kumwonyesha mama, kumsahihisha na kubadilisha zoezi mtoto anapokua. Kwa nini basi huyo mmoja mwenye mkoba asiwafuate hawa wengi wenye watoto mgongoni?

Labda kwa sababu hawaonekani. Sensa ya 2019 ilipotangaza kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu, ilihesabu walio na miaka mitano na zaidi. Watoto wachanga, ambao mazoezi ya mapema huwafaa kuliko wote, hawamo. Nazo shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kusaidia wasiojiweza, kwa familia iliyobahatika kusajiliwa, ni rahisi kuishia kwenye nauli.

Hoja kwamba wataalamu ni wachache ni ya kweli, lakini ndiyo inayodai mpango tofauti. Mtaalamu mmoja akikaa siku moja kwa wiki katika zahanati ya jirani, akawafunza wahudumu wa afya ya jamii ambao Serikali iliwazindua Septemba 2023, mama atapata wa kumsahihisha bila kuvuka daraja. Eneo hili si geni kwa wazo la kuleta huduma karibu: APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, kilifungua karakana za Bombolulu mwaka 1969, watu wazima wenye ulemavu wakapata kazi papo hapo kando ya barabara ya Malindi.

Mpango huo unahitaji fedha, na makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Aprili kila mwaka. Wazazi wakiitwa kutoa maoni, waulize fungu la mtaalamu wa viungo wa Kiembeni liko ukurasa gani, na wasikubali kujibiwa kwamba limo ndani ya "afya kwa jumla".