Msimfunge mgonjwa anayerusha miguu usiku

Ndugu mnaouguza wagonjwa Singida, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mtakatifu Gaspar Itigi, Makiungu au Kiomboi, hili ni la leo usiku. Mgonjwa wenu akianza kurusha miguu, kuisugua shukani, kutaka kushuka kitandani ilhali hana nguvu za kusimama, msiseme amepandisha mashetani. Msimfunge kwa khanga. Msikimbilie duka la dawa kumtafutia cha kumlaza.

Upo ugonjwa wa miguu kukosa utulivu. Mwenye nao huhisi kitu kinatambaa au kinavuta ndani ya miguu, hasa jioni na usiku anapotulia. Akitembea hupata nafuu. Sasa mtu huyo awe mahututi, ana mpira wa oksijeni na dripu, pengine hata kusema hawezi. Atatembeaje? Usingizi unakatika usiku baada ya usiku, akili inaanza kuchanganyikiwa, na wodini anaonekana mkorofi.

Hatari kubwa ni kwenye dawa ya kumtuliza. Haloperidoli wanayochomwa wanaoweweseka, prometazini inayoleta usingizi, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambayo wengi twaiita Plasil, zote zaweza kuuchochea ugonjwa huu, maana huzuia dopamini kufanya kazi yake ubongoni. Miguu ikizidi kuhangaika, mgonjwa huongezewa dawa ileile. Hata Piriton ya dukani inaweza kumzidishia.

Walio karibu zaidi na shida hii ni wajawazito wa miezi ya mwisho, wenye figo zilizoshindwa kazi, na waliopungukiwa madini ya chuma, wakiwemo kina mama waliovuja damu nyingi walipojifungua. Wingi wa damu unaweza kuonekana mzuri huku akiba ya chuma imekwisha. Kipimo cha akiba hiyo ni feritini. Lakini maambukizi hupandisha feritini, kwa hiyo majibu yasomwe na daktari, na chuma asipewe kwa kubahatisha.

Utafiti uliofanyika vijijini karibu na Haydom, jirani na Mkalama, ukachapishwa mwaka 2010, ulikuta wagonjwa wachache mno. Uchache huo usitulaze. Waliohesabiwa walikuwa watu wa majumbani, si mahututi, na mzee wa kwetu akiumwa miguu usiku husema ni uchovu wa shamba.

Basi mwambieni muuguzi waziwazi: "Miguu inamsumbua akitulia, usiku ndiyo inazidi." Mpelekeeni dawa zote alizokuwa akimeza nyumbani, kwani kuna zinazoleta mahangaiko zikikatizwa ghafla. Asiyeweza kusema aulizwe, ajibu kwa kupepesa macho. Mkandeni miguu taratibu, ila mguu mmoja ukiwa umevimba na unauma msiuguse, huenda damu imeganda ndani. Dawa za wodini msizisitishe wenyewe. Ulizeni kama ipo mbadala.

Akibadilika ghafla, hawatambui au anahema kwa shida, mwiteni muuguzi saa hiyohiyo. Hiyo yaweza kuwa sukari iliyoshuka, oksijeni iliyopungua au malaria iliyopanda kichwani, na haingoji asubuhi.