Anayepimwa Ndiye Anayeonekana

Yako maneno yaliyovuma sana Malaba na Busia mwaka 2020, na hata leo wapo wayashikiliao: kwamba ugonjwa wa korona ulienezwa na madereva wa malori. Ukiuliza ushahidi, utajibiwa kuwa lisemwalo lipo. Mimi nasema kwamba lililokuwapo ni kipimo, nacho kiliwekwa mahali pamoja tu.

Mwezi wa Mei mwaka ule madereva walipimwa mpakani kabla ya kuingia Uganda, na malori yakajipanga barabarani kwa makumi ya kilomita, wenyewe wakingoja majibu. Muuza ndizi wa sokoni hakupimwa. Karani wa dukani hakupimwa. Sisi walimu, wapenda kuhukumu, aghalabu hatukupimwa. Basi ni ajabu gani kwamba wagonjwa walionekana miongoni mwa madereva? Ukimulika taa chini ya kitanda kimoja, usidai kwamba panya wote wa nyumba wamo humo.

Fahamu, ewe msomaji, kwamba kipimo cha puani hutafuta virusi vyenyewe, navyo hupita upesi. Damu ina kumbukumbu ndefu zaidi. Mwili uliokwisha kupigana na ugonjwa hubakiwa na kingamwili kwa miezi kadhaa, hata kama mwenyewe hakujua kuwa aliugua. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walipima damu ya wachangiaji 3,098, tangu mwisho wa Aprili hata katikati ya Juni 2020. Baada ya kusahihisha hesabu zao, walikadiria kwamba watu 4.3 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na kingamwili hizo. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya watu milioni moja katika Kenya nzima, na siku zile waliotangazwa kuwa wameambukizwa hawakufika 4,000! Je, milioni hiyo yote iliendesha malori?

Najua nitakavyojibiwa. Mwezi wa Oktoba 2020 damu ya madereva na utingo wao ilipimwa, ikaonekana kwamba 42.3 katika kila 100 walikuwa na kingamwili. Hesabu hiyo siifichi. Yasema kwamba watu hao walipigwa na ugonjwa kuliko wengi wetu, huku wakituletea mafuta na chakula. Haisemi ni nani aliyemwambukiza nani. Aliyeungua zaidi si lazima awe ndiye aliyewasha moto. Tena, kati ya Januari na Machi 2021, wachangia damu wenyewe walikuwa wamefika 48.5 katika kila 100.

Walakini wachangia damu si watu wote. Wazee hawamo, na wanawake ni wachache. Kipimo nacho, hata kikikosea mara moja tu katika 100, kitawapata watu kumi wa bure katika kila elfu wasioambukizwa kabisa.

Kwa hiyo, likizuka gonjwa jingine, tudai kura ipigwe nyumba kwa nyumba, Malaba na vijijini mwake: mama wa sokoni, mwendesha bodaboda, askari wa mpakani, mwalimu na dereva, damu yao yote ipimwe kwa siku zile zile, na matokeo yasomwe hadharani kabla mtu yeyote hajazuiwa barabarani kwa sababu ya kazi yake.