SEHEMU YA 5: Majibu yako siyo majibu ya mumeo

Leo nasema kwa msimamo, atakayekasirika anivumilie.

Kuna maneno nayasikia kliniki kila mara: "Nesi, baba watoto kasema majibu yangu ndiyo majibu yake." Hapana. Damu yake haipimwi kwenye kidole chako. Wapo wanandoa wengi tu, mmoja ana VVU na mwenzake hana. Na kile kipimo cha hudhurio la kwanza kinaeleza ya siku zilizopita, hakikulindi mpaka mtoto aache ziwa.

Ngoja niwaeleze kinachotokea mwilini, maana hatari yenyewe iko hapo.

Kwenye damu kuna chembe nyeupe zinaitwa CD4. Hizi ndizo zinazopiga filimbi: adui akiingia zinaamsha wenzao, wengine watengeneze kingamwili, wengine waue chembe zilizoshambuliwa. Sasa VVU anamwingilia huyo huyo mpiga filimbi. Anaigeuza chembe kuwa kiwanda cha kuzalisha virusi vingine, halafu chembe inakufa.

Wiki za mwanzo mwili haujajipanga, virusi vinazaliana vitakavyo na kujaa kwenye damu. Mama anaweza kupata homa, koo kuuma, vipele, akasema ni malaria au uchovu wa kunyonyesha. Wengine hawasikii chochote. Na kile kipimo chetu cha haraka kinatafuta kingamwili, hakitafuti kirusi chenyewe. Kingamwili zisipotosha, kitasoma hana. Hali hiyo inaweza kwenda mpaka miezi 3.

Haya, huyo mama ananyonyesha. Virusi vikijaa kwenye damu, na kwenye maziwa vinaongezeka. Ndiyo maana mimi namhofia zaidi mama aliyeambukizwa juzi bila kujua kuliko yule anayejijua miaka 10, anameza dawa kila siku na virusi vyake havionekani kwenye kipimo. Ajabu, huyu wa pili ndiye mnayemnyooshea kidole mtaani!

Mtu mzima asiye na dawa anaweza kukaa miaka mingi akionekana mzima, huku CD4 zikishuka taratibu kutoka 500 na zaidi mpaka chini ya 200. Mtoto mchanga hana muda huo, kinga yake ndiyo kwanza inajifunza kazi. Watoto waliozaliwa na VVU wasipopata dawa, karibu nusu hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Nimonia, kuharisha kusikoisha, utando mweupe mdomoni unaorudi rudi. Unene wa mtoto usikudanganye.

Kwa hiyo shemeji zangu mnaosoma kimya kimya, njooni mpimwe. Sijui kwa nini tumekubali kwamba kupima ni kazi ya mwenye tumbo. Kama foleni inakushinda, ulizia kituoni kipimo cha kujipima mwenyewe kwa majimaji ya fizi. Kikionyesha unayo, unakuja kuthibitisha.

Najua pia siyo kila mama anaweza kumwambia mumewe "twende". Kuna anayeweza kupigwa kwa neno hilo. Wewe sikulaumu, ila damu yako ni yako: rudia kupima ujauzito ukikaribia mwisho, rudia tena ukiwa unanyonyesha, hasa kama huna uhakika na mwenzako. Siku ya chanjo ya mtoto tosha kabisa, mwambie nesi pembeni.

Na ukikutwa unayo, usikimbilie kumwachisha mtoto ziwa kwa hofu kabla hujaongea na sisi. Dawa unaweza kuanza siku hiyo hiyo. Mtoto naye anapimwa na kupewa dawa yake ya kumkinga.

Sehemu ya 6 nitajibu wale waliouliza kuhusu kipimo cha mtoto cha wiki 6, kile cha tone la damu kwenye karatasi. Maswali ya siri njooni inbox.